Uso wa Susu Kwenye Mkebe

Nimekosa. Wacha nianze hapo, maana nikianza na visingizio sitamaliza leo. Nilimuuza nyanya yangu. Sikumfunga kamba nikampeleka sokoni, la, niliuza uso wake. Niliuuza kichwa kikiwa wazi, na yeye hakujua hadi siku watu walipomjia nyumbani na mapanga.

Wewe unayesoma hunijui, na afadhali iwe hivyo. Kama unaishi Machakos huenda nimeshakusuka nywele. Huenda umekaa kwa kiti changu tukacheka mpaka machozi. Leo nisikilize tu, usinicheke.

Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Susu wangu alinilea tangu mama alipofariki, nikiwa mdogo, sijui hata kufunga viatu. Nyumbani ni upande wa Ekalakala, kule kwenye jua na vumbi. Alikuwa mama wa kanisa, rozari shingoni, na kila Jumapili alitembea hadi misa kwa miguu yake. Nataka ulijue hili mapema: Susu hakuwa mganga! Hakupiga ramli, hakuchinja kuku, hakutaja mizimu.

Alichokuwa nacho ni mafuta. Alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha, halafu akatia gome la mti mmoja uliokuwa nyuma ya jiko. Yalitoka meusi, yananuka moshi. Mtoto mwenye upele, mwenye ngozi ya kupasuka, mwenye kuungua na uji, wote waliletwa kwa Susu. Mbele ya nyumba kulikuwa na benchi, na asubuhi ungekuta kina mama watatu wanne wamepakata watoto wakingoja.

Alikuwa na sharti moja. Hakumpa mtu mafuta ya kwenda nayo. Ulimleta mgonjwa, Susu akanawa mikono, akaipapasa ile ngozi pole pole, akauliza umekula nini, unanyonyesha, unaumwa wapi. Wengine aliwaambia, "Wewe nenda hospitali, hii si yangu." Ukimwambia una ndugu Nairobi anataka kidogo, anakujibu, "Ngozi ambayo sijaishika siijui." Hapo mambo yameisha.

Mimi nilikuwa na saluni mjini, chumba kimoja, viti viwili, kioo chenye ufa. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alizaliwa na ngozi mbaya sana, viwiko na magoti yanatoka damu, na ni Susu aliyemponya. Siku moja akaingia mama mmoja wa Nairobi aliyekuwa akipitia njia hiyo, anataka kurekebishwa nywele. Tumwite Madam. Akamwona mtoto anacheza sakafuni, akamshika mkono.

"Ngozi kama hariri! Mnampaka nini?"

Nikafungua mdomo. Ningeufunga wapi, mtu mkubwa ameingia kwangu na ananiuliza habari za kwetu! Nikamweleza yote, hadi sharti la kushika ngozi. Madam alinisikiliza mkono kifuani.

"Unajua hii ndiyo kazi yetu," akasema. "Tunatengeneza vipodozi vya asili. Sisi si kama hao wengine wanaoiba. Tunaheshimu mila. Tunataka dunia nzima imjue nyanya yako."

Nami nikaona hiyo ni sifa. Akaniahidi pia draya mpya ya kukausha nywele, ile ya kukalia na kofia yake. Nilikuwa nimeiota hiyo draya miaka miwili.

Nilikwenda kwa Susu nikamwomba vizuri, hilo nalo niliseme. Alikuwa anapepeta mbegu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hao watu wote nitawashika mikono saa ngapi?"

"Susu, hutawashika. Watanunua dukani."

"Basi hapana, mwana wakwa."

Hakukasirika. Aliendelea kupepeta, halafu akaniuliza kama nimekula. Ningerudi mjini hapo na kumwambia Madam hapana, leo nisingekuwa naandika haya.

Namna ya kutengeneza nilikuwa naijua tangu utotoni, hiyo niliitoa mwenyewe. Lakini Madam alitaka na uso. "Watu wananunua uso," alisema. "Na tunahitaji idhini yake. Sisi hatufanyi kitu bila idhini." Nikamwambia aniachie mimi.

Miaka hiyo vitambulisho vipya vilikuwa vinatolewa, kila mtu anazungumzia vitambulisho. Susu alikuwa na kipande cha zamani kilicholiwa na mchwa, na alikuwa na hamu sana ya kupata kingine. Alisema hataki kuzikwa kama mtu asiye na kwao. Basi nikamwambia serikali inatuma mpiga picha nyumbani kwa wazee wasioweza kupanga foleni. Woi! Uongo ulinitoka bila hata kukwama.

Alioga tangu alfajiri. Alivaa gauni la kanisani, na kitambaa cheupe cha kichwa alichokuwa amekipiga pasi ya makaa. Kijana wa Madam akaja na kamera yake. Akaninong'oneza kwamba kitambaa kinaharibu, Madam anataka nywele nyeupe zionekane.

"Susu, serikali inataka kichwa wazi."

"Hata kwa mtu mzima?"

"Wanataka kuona masikio."

Akageuka akatazama ukuta ndipo akakifungua. Miaka yote aliyonilea sikuwahi kuona kichwa cha Susu. Nywele zilikuwa chache, nyeupe pepe, na upande mmoja kulikuwa na kovu ambalo sikulijua. Aligeuka akiwa ameinamisha uso, kama msichana. Nilitaka kusema basi, tuache. Sikusema.

Kijana akampa kibuyu ashike.

"Kwani serikali inataka kibuyu?" Susu akaniuliza.

"Ni cha kuonyesha kabila, Susu."

Akacheka kidogo. Akakaa wima akatazama kamera kama alivyoambiwa. Kisha nikatoa karatasi ya Madam, nikakishika kidole gumba chake, nikakitia wino, nikakigandamiza mahali palipochorwa mstari. Hakuuliza neno. Kwenye vitambulisho si huwa kuna alama za vidole!

Draya ikaja. Mikebe nayo ikaja, mizuri, ya kijani, na mbele Susu yuko kichwa wazi na kibuyu chake. Chini yake waliandika kwamba ni mafuta ya asili, hayana kemikali, yametengenezwa kwa heshima ya mababu zetu. Nikaipanga saluni, na wanawake wa Mumbuni, mtaa wetu pale mjini, wakaigombania. Katika mikebe ile ya kwanza mafuta yalikuwa meusi, ya kunuka moshi, karibu kama yake.

Kila nikienda nyumbani Susu ananiuliza, "Kitambulisho kimetoka?"

"Bado, Susu. Serikali ni pole pole."

"Sawa. Nangoja."

Akawaambia majirani wote kwamba mjukuu wake amemshughulikia.

Mzigo wa pili ulipokuja nilifungua mkebe mmoja nikanusa. Moshi haukuwepo. Mafuta yalikuwa meupe, laini, na yana harufu kali ya kupanda puani. Nikajua wametia kitu. Mtu aliyekaa kwenye kazi ya urembo anajua harufu ya dawa ya kung'arisha ngozi! Nikakifunga kifuniko, nikaupanga ule mkebe na wenzake, nikauza. Wateja walifurahi zaidi kuliko mwanzo. Nyuso zilianza kuwa nyeupe, wakaletana.

Wa kwanza kuharibika alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa siku nyingi. Mashavu yalimwambuka, halafu yakaota mabaka meusi, meusi kabisa, chini ya macho hadi kwenye taya. Aliingia saluni amejifunika na leso.

"Hii ni nini umeniuzia?"

"Labda ni sabuni yako," nikamwambia.

Akachukua mkebe mmoja kwa rafu, akausogeza karibu na macho.

"Huyu mzee mimi namjua," akasema. "Mama yangu ameolewa kule Ekalakala. Huyu ni nani kwako?"

"Simjui."

Jamani! Mtu aliyenilisha, nikasema simjui. Mwalimu akatoka na mkebe wake bila kufunga mlango.

Baada ya hapo nikienda nyumbani naona mambo yanabadilika. Benchi halina mtu. Mara ya kwanza nikadhani ni msimu wa kupalilia. Mara ya pili nikakutana njiani na mama mmoja anayejulikana kwetu, amebeba mtoto. Aliponiona naingia kwa Susu alivuka akaenda upande ule mwingine wa njia, akamfunika mtoto uso.

"Watu wamekuwa na haraka siku hizi," Susu alisema. "Hawasimami. Kitambulisho kimetoka?"

"Bado."

Mara ya tatu nilimkuta ameketi mlangoni na kitu mapajani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, haoni vitu vidogo.

"Mtu ameniacha huu mkebe hapa asubuhi," akaniambia. "Hakubisha hodi. Una nini?"

Nikauchukua. Ulikuwa ni ule wa kijani. Kwenye picha mtu alikuwa ametoboa macho kwa msumari, yote mawili, mpaka bati likaonekana. Na alikuwa amekwaruza mdomo.

Susu alikuwa amenielekezea uso wake anangoja jibu.

"Ni takataka tu, Susu."

Nikauficha kwenye mkoba. Niliporudi mjini nilipanda basi la Nairobi nikaenda kwa Madam, nikamlilia atoe ile picha. Alinikaribisha chai. Alikuwa mpole vile vile.

"Lakini nyanya alikubali," akasema, akafungua faili, akanionyesha. "Hiki si kidole chake? Sisi hatufanyi mambo ovyo, mama. Tunafanya kwa heshima."

Kilikuwa kidole chake. Nilikitia wino mwenyewe, nitabisha nini?

Ungedhani hapo ningerudi nyumbani nikaseme ukweli. Nilirudi saluni. Nilijiambia watu watachoka, watasahau, mvua ikinyesha wataenda shambani.

Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimempelekea Susu sukari. Kumbe wiki hiyo mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa, na kabla mtoto hajaugua, Susu alikuwa amempapasa mguu. Yule mtoto alikuwa wa mwisho kuletwa kwenye lile benchi. Saa sita mchana, jua la utosi, nikasikia vishindo. Nikachungulia. Watu walikuwa wamejaa uani, wanaume wengi, wanawake nyuma, na sikusikia hata mmoja anapiga kelele. Ingekuwa afadhali wapige kelele! Mbele alisimama baba wa marehemu, panga mkono mmoja, mkebe wa kijani mkono wa pili.

"Mama, toka," akasema.

Susu akatoka akijipangusa mikono kwenye leso. "Karibuni. Kuna nini?"

"Huyu ni nani?"

Susu akauchukua mkebe, akauleta karibu na uso. Akauzungusha kwenye mwanga. Nikaona anavyokunja macho, anavyosogeza, anavyojitafuta pale. Halafu akagusa kichwa chake, pale kwenye kitambaa.

"Ni mimi," akasema.

Wanawake wakaguna. Mmoja akapaza sauti kwamba amesikia, ati anavua kichwa na kushika kibuyu, ndivyo anavyokula nyuso za watu. Mwingine akasema hata mwalimu ameliwa uso, hata binti wa fulani. Nyuma ya jiko nikasikia shoka. Walikuwa wameanza na mti.

Susu alinigeukia mimi.

"Waambie," akasema. "Waambie hii picha nilipigwa ya kitambulisho."

Watu wote wakanitazama. Naapa, hata lile shoka lilitulia. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Basi. Pengine wangenipiga. Pengine wangeniua, sijui. Lakini yeye wangemwacha.

Niliona yale mapanga. Niliona binti yangu kule mjini bila mama. Nikamshika Susu kiwiko.

"Twende, Susu," nikasema.

Alinitazama. Alichelewa kidogo kuelewa, halafu akaelewa. Niliona inavyomwingia. Hakunitukana. Alitoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, akauweka kifuani pake.

Naibu wa chifu alifika akiwa anahema, ameitwa mbio na mtoto wa katekista wa kanisa la Susu. Akasema yeye hawezi kulala pale kumlinda mzee, nimwondoe siku hiyo hiyo. Tuliondoka na nguo za kubadili na rozari. Walivunja chungu cha mafuta mlangoni tukiwa bado hatujafika barabarani. Mti nao ulikuwa umeshalala chini.

Nikamleta Mumbuni, kwangu. Hakuniuliza tena habari za kitambulisho. Hata siku moja! Nilikuwa nangoja aniulize, nilishajipanga vile nitakavyolia na kupiga magoti, na yeye ananiomba chumvi, ananiambia mvua imekataa mwaka huu. Kitambaa cha kichwa alikishusha hadi kwenye nyusi. Alikaa ameelekea ukuta, mikono ameifunika kwa shuka.

Ngozi ya binti yangu ikarudi vibaya, kwenye viwiko na magoti, kama alivyozaliwa. Mtoto akamfuata Susu mwenyewe, akamwekea mkono mapajani. "Susu, nipapase."

Susu akautazama ule mkono muda mrefu. Machozi yalimtoka. Mikono yake haikutoka ndani ya shuka.

"Mpeleke hospitali," akaniambia. "Mikono yangu imeshaharibika."

Aliishi kwangu miezi minane. Asubuhi moja nilimpelekea chai nikamkuta ameenda, amelala kiubavu, kitambaa kichwani.

Mochari wakataka kitambulisho chake. Mjomba wangu, kifungua mimba wa Susu, alikuwa amekuja kutoka Mombasa anakofanya kazi. Akanigeukia pale kaunta, mbele ya watu.

"Si wewe ulimshughulikia? Aliniambia hata kwenye simu, ulileta mtu wa serikali nyumbani. Kiko wapi?"

"Hakikutoka, mjomba."

"Basi ile picha. Tutaweka nini juu ya jeneza? Mama hakuwahi kupigwa picha nyingine."

Ni kweli. Maisha yake yote Susu alipigwa picha siku moja.

Nilirudi nyumbani nikatia maji ya moto kwenye beseni, nikaloweka mkebe. Uleule niliouficha haukufaa, ulikuwa na macho yaliyotobolewa, kwa hivyo nilifungua mpya. Karatasi ikalegea, ikatoka. Nikachukua mkasi wa saluni nikakata maneno yote, mababu, heshima, asili. Kibuyu nilikikata pia, lakini vidole vilivyokishika vilibaki, vimekunjwa bila kushika kitu. Nikaitia kwenye fremu.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya kisiki cha ule mti wake. Kwetu majirani ndio huchimba kaburi, na majirani hawakuja. Alichimba katekista na vijana wake wawili, na mjomba akiwa na suti yake. Wale kina mama wachache wa kanisani waliokuja, walipofika mbele ya jeneza na kuona ile picha, waliinamisha macho. Mmoja alivua leso yake mabegani akaifunika fremu.

Mjomba aliniuliza swali moja tu. "Mbona hana kitambaa?"

Nikajifanya nalia nisijibu.

Miaka imepita. Mikebe bado iko sokoni. Juzi nilipita duka moja Katelembo kununua maji, nikainua macho, na huyo hapo Susu kwenye rafu, ananitazama, amekaa wima kama nilivyomwambia. Sasa wameandika pia kwa Kiingereza. Nilinunua yote iliyokuwepo. Wiki iliyofuata muuzaji alikuwa ameagiza mingine.

Dada yangu, wewe mwenye saluni, wewe mwenye shangazi anayejua dawa ya tumbo au nyanya anayejua mafuta: watakuja kwako. Watakuja wapole, watakushika mkono, watasema neno heshima mara nyingi. Kabla hujasema chochote nenda umuulize mwenyewe. Akikataa, amekataa. Usimtafutie njia ya kuzunguka. Na kama umeshakosa, sema siku ileile, mbele ya watu walewale, hata kama wana mapanga. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomuua, si lile panga.

Na wewe mjomba, najua husomi magazeti haya, lakini mkeo husoma. Uliniuliza kaburini na sikukujibu. Hana kitambaa kwa sababu mimi nilimwambia avue.